Namna ya kusoma matokeo ya uchaguzi wa Uswidi na kujua nani anaweza kuunda serikali

Septemba 2022 chama cha Socialdemokraterna (wasoshalisti wa kidemokrasia) kilipata asilimia 30.33 ya kura, karibu pointi 10 mbele ya chama kilichokifuata. Viti vyake vikapanda kutoka 100 hadi 107, na bado kikatoka madarakani. Mwaka 1978 Ola Ullsten wa Folkpartiet, chama cha kiliberali, alikuwa waziri mkuu kwa kura 39 tu za ndiyo, katika bunge la watu 349. Mambo haya humchanganya anayeanza kufuatilia siasa za Uswidi kwa sababu macho yake yanamtafuta mshindi. Swali linalofaa ni jingine: je, wapo wabunge 175 walio tayari kubonyeza kitufe cha hapana? Wakiwapo, mgombea ameanguka. Wasipokuwapo, anatawala, hata kama wanaomtaka kwa moyo ni wachache.

Ili kufuata hatua hizi unahitaji jedwali la kura za kila chama, kikokotoo, na karatasi. Uvumilivu wa siku tatu pia, kwa sababu nitakazoeleza.

Angalia mwaka kabla ya kuangalia namba

Kanuni za Uswidi zimebadilika mara kadhaa, na matokeo ya zama moja hayasomwi kwa kanuni za zama nyingine.

Kuanzia 1911 hadi 1948 viti viligawanywa kwa kanuni ya d'Hondt: kura za chama zinagawanywa kwa 1, 2, 3 na kuendelea. Kanuni hiyo huvipendelea vyama vikubwa, ndiyo maana vidogo viliungana katika orodha za pamoja ili visimezwe. Mwaka 1952 ikaja kanuni ya Sainte-Laguë iliyorekebishwa, inayogawanya kura kwa 3, 5, 7 na kuendelea baada ya kigawanyo cha kwanza cha 1.4. Tangu uchaguzi wa 2018 kigawanyo hicho ni 1.2. Wanawake walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza mwaka 1921, kwa hiyo kulinganisha idadi ya wapiga kura kabla na baada ya hapo hakuna maana.

Hadi 1970 bunge lilikuwa na mabaraza mawili, na hapa ndipo wengi hupotea. Baraza la Pili lilichaguliwa na wananchi moja kwa moja. Baraza la Kwanza lilichaguliwa na madiwani wa mikoa na miji mikubwa, kwa muhula wa miaka minane, sehemu kwa sehemu. Muundo wake ulibeba matokeo ya chaguzi za zamani. Chukua uchaguzi wa 1956: Socialdemokraterna walipata viti 106 kati ya 231 vya Baraza la Pili, na vyama visivyo vya kisoshalisti kwa jumla vilikuwa na wingi. Anayeishia hapo atashangaa kuona kiongozi wao, Tage Erlander, akiendelea kuwa waziri mkuu. Lakini wakati huo alikuwa katika serikali ya mseto na chama cha wakulima, na chama chake kilikuwa na nguvu katika Baraza la Kwanza. Mabaraza yakitofautiana kuhusu fedha, kura za yote mawili zilijumlishwa pamoja. Mseto ulipovunjika 1957, Erlander alibaki na chama chake peke yake. Basi kwa mwaka wowote kabla ya 1970, jumlisha mabaraza yote mawili kwanza.

Dhana nyingine ya kuiacha mapema ni kwamba Socialdemokraterna walitawala kutoka 1932 hadi 1976 kwa sababu walikuwa na zaidi ya nusu ya kura. Walivuka asilimia 50 mara mbili tu, 1940 na 1968. Miaka mingine walisimama juu ya mapatano, kama yale ya 1933 na chama cha wakulima, na juu ya uhakika kwamba wakomunisti wasingewaangusha ili kuwapisha wahafidhina. Mwaka 1936 chama cha wakulima kilishika serikali peke yake kwa miezi michache ya kiangazi, kisha Per Albin Hansson wa Socialdemokraterna akarudi. Mantiki hiyo ya kuvumiliwa ndiyo iliyokuja kuandikwa katika katiba ya 1974, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1975.

Subiri Jumatano

Usiku wa uchaguzi Valmyndigheten, mamlaka ya uchaguzi, hutoa hesabu za awali za vituo. Kura zilizopigwa mapema na kuchelewa kufika kituoni, pamoja na za nje ya nchi zilizochelewa, huhesabiwa Jumatano inayofuata. Baada ya hapo ofisi za mikoa huhesabu kila kitu upya, na hiyo ndiyo hesabu ya mwisho. Tofauti ikiwa kubwa, usiku wa Jumapili unatosha. Ikiwa ndogo, usitangaze chochote. Mwaka 2022 waziri mkuu Magdalena Andersson wa Socialdemokraterna alikubali kushindwa Jumatano, tarehe 14 Septemba, siku tatu baada ya upigaji kura.

Chuja kwa asilimia 4

Chama kinahitaji asilimia 4 ya kura za nchi nzima, au asilimia 12 katika jimbo moja la uchaguzi, ambapo kitagombea viti vya jimbo hilo tu. Sharti hili lilianza na bunge la baraza moja mwaka 1970. Futa kwenye jedwali lako vyama vyote vilivyo chini ya mstari huo, na usivirudishe tena.

Mstari huu huamua serikali mara nyingi kuliko ushindani wa vyama vikubwa. Mwaka 1991 Miljöpartiet, chama cha mazingira, ilitupwa nje kwa asilimia 3.4. Mwaka 2022 Liberalerna (waliberali) walipata 4.61. Kama wangeanguka na kura zao kupotea, ushindi wa kambi yao ya vyama vya kulia wa viti 176 kwa 173 ungegeuka. Kwa hiyo kura za maoni za wiki za mwisho zisome kutoka chini ya jedwali kwenda juu. Ukiona chama mshirika kikielea kati ya 3.5 na 4.5, tarajia baadhi ya wafuasi wa chama kikubwa kukipigia kura ili kisizame. Kwa sababu hiyo chama kikubwa kinaweza kupungua bila kambi yake kudhoofika.

Gawa viti

Viti ni 349. Kati ya hivyo, 310 ni vya majimbo 29 ya uchaguzi, na 39 ni vya kusawazisha. Katika jimbo, gawanya kura za kila chama kwa 1.2, kisha kwa 3, 5, 7 na kuendelea. Jawabu kubwa kuliko yote linachukua kiti cha kwanza, linalofuata cha pili, hadi viti viishe.

Mfano wa kufanyia mazoezi: jimbo lina viti 7. Chama A kina kura 60,000, B 35,000, C 18,000 na D 9,000. Majawabu ya A ni 50,000, 20,000, 12,000 na 8,571. Ya B ni 29,167, 11,667 na 7,000. Ya C ni 15,000 na 6,000. Ya D ni 7,500. Ukiyapanga kwa ukubwa, viti vinakwenda A, B, A, C, A, B, na cha saba tena A. Jumla: A 4, B 2, C 1, D sifuri. Kigawanyo cha kwanza kingekuwa 1, D angesimama na 9,000 na kukichukua kiti hicho cha saba. Hiyo ndiyo kazi ya ile 1.2: kufanya kiti cha kwanza kiwe kigumu kidogo, ili bunge lisijae vyama vidogo mno.

Kosa la kawaida ni kupunguza kigawanyo, yaani kurudi 1.2 kila chama kinapopata kiti. Hapana: 1.2 hutumika tu hadi chama kipate kiti chake cha kwanza.

Baada ya majimbo, rudia hesabu ile ile kwa viti vyote 349 kana kwamba nchi nzima ni jimbo moja. Chama kilichopata pungufu majimboni hujaziwa kutoka vile 39. Kilichopata ziada hunyang'anywa. Unyang'anyi huo ulianza na uchaguzi wa 2018, kwa sababu mwaka 2010 vyama viwili vikubwa vilibaki na viti zaidi ya stahili yao. Kwa anayetaka picha ya jumla tu, hesabu ya nchi nzima inatosha. Ruka majimbo.

Hesabu za hapana

Hapa tenga muda. Kila anayependekezwa na spika kuwa waziri mkuu hupigiwa kura ya ndiyo, hapana, au kujizuia. Ndiyo hazina kima cha chini. Anakataliwa tu hapana zikifika 175, yaani zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Anayejizuia na asiyehudhuria wote wanamsaidia mgombea. Tangu 1975 mfalme hana usemi katika uteuzi huu.

Chora safu tatu na ukiweke kila chama katika mojawapo, kwa kila mgombea peke yake. Usidhani chama kilichomkataa huyu kitamkubali yule. Tazama baada ya uchaguzi wa 2018. Ulf Kristersson wa Moderaterna alipigiwa kura Novemba 14: Moderaterna (wahafidhina) 70, Kristdemokraterna (Wakristo wa kidemokrasia) 22 na Sverigedemokraterna (wazalendo wa mrengo wa kulia) 62 walimuunga mkono, ndiyo 154. Lakini Centerpartiet (chama cha katikati) na Liberalerna, washirika wake wa miaka mingi, walipiga hapana kwa kuwa serikali hiyo ingetegemea Sverigedemokraterna. Hapana 195. Mwezi mmoja baadaye Stefan Löfven wa Socialdemokraterna naye akaanguka kwa hapana 200. Tarehe 18 Januari 2019 Löfven yule yule akapita kwa ndiyo 115, hapana 153, na 77 waliojizuia. Hakuna mbunge mpya aliyechaguliwa katikati. Vyama viwili vilihama kutoka hapana kwenda kujizuia, baada ya kupewa makubaliano ya sera yaliyoandikwa. Mtu anayehesabu ndiyo angeona Löfven amepungukiwa na kura moja tangu Desemba, wakati kwa kweli ndipo alipopata kazi.

Ukijumlisha kura za rekodi na usifike 349, usidhani kuna kosa. Wabunge wasiohudhuria hawamo katika jumla hiyo. Kura za Ullsten mwaka 1978 zilikuwa 39 za ndiyo, 66 za hapana na 215 za kujizuia, jumla 320.

Spika ana nafasi nne. Mapendekezo manne yakikataliwa, uchaguzi wa ziada lazima ufanyike ndani ya miezi mitatu. Ndiyo maana pendekezo la kwanza na la pili mara nyingine hutolewa huku kila mtu akijua litaanguka: spika anawabana viongozi wafike mezani.

Kwa bunge la 1973 hesabu hii haikufai, kwani viti vilikuwa 350 na kambi zikapata 175 kila moja. Sare bungeni ziliamuliwa kwa kura ya bahati, karatasi ikichomolewa chomboni. Tangu 1976 viti ni 349.

Usisahau bajeti

Kuvumiliwa siku ya kuteuliwa si kuvumiliwa Desemba. Bajeti hupigiwa kura kama furushi moja, na pendekezo lenye kura nyingi zaidi ndilo linalopita, hata bila kufika 175. Upinzani uliogawanyika, kila chama na bajeti yake, unaiachia serikali ya wachache ipite. Upinzani uliokusanyika nyuma ya karatasi moja unaishinda.

Desemba 3, 2014 Sverigedemokraterna waliiacha bajeti yao na kuiunga mkono ya vyama vya kulia: 182 kwa 153, na serikali ya Löfven ikabaki na bajeti ya wapinzani wake. Novemba 24, 2021 Magdalena Andersson alipita asubuhi kwa hapana 174, moja pungufu ya kuanguka. Siku hiyo hiyo bajeti yake ikashindwa, Miljöpartiet wakajitoa serikalini, naye akajiuzulu kwa sababu serikali iliyoidhinishwa haikuwa tena ile ile. Tarehe 29 akarudi na chama chake peke yake: ndiyo 101, hapana 173, kujizuia 75. Kwa hiyo katika karatasi yako ongeza safu ya nne, "bajeti ya nani", na ijaze kando na zile tatu.

Kura ya kutokuwa na imani na uchaguzi wa ziada

Hoja huletwa na wabunge 35, na kura 175 za kuiunga mkono zinatosha kumwangusha waziri mkuu. Löfven alikuwa wa kwanza kuangushwa hivyo, Juni 21, 2021, kwa 181: Sverigedemokraterna walileta hoja, Vänsterpartiet (chama cha mrengo wa kushoto) wakaiunga kwa sababu ya kodi za pango za nyumba mpya. Aliyeangushwa ana wiki moja ya kuchagua kati ya kujiuzulu na kuitisha uchaguzi wa ziada. Löfven alijiuzulu, na Julai 7 akateuliwa tena kwa hapana 173.

Kuhusu uchaguzi wa ziada, usihesabu miaka minne upya. Bunge jipya linamalizia tu muda uliobaki wa lile lililovunjwa, na uchaguzi wa kawaida unabaki palepale. Ule wa Juni 1958, ulioitishwa kwa mgogoro wa pensheni, ulifuatiwa na wa kawaida mwaka 1960 kama ilivyopangwa. Tena hauwezi kuitishwa kabla ya miezi mitatu kupita tangu bunge jipya likutane mara ya kwanza. Ndiyo maana tishio la uchaguzi mpya katika wiki za kwanza halina nguvu ya kisheria, isipokuwa nafasi nne za spika zimekwisha.