Unabeti kwenye tovuti ya ng'ambo? Kagua leseni, makato na stetimenti hivi

Hapa saiba (duka la intaneti) Kondele, Kisumu, sentensi ninayoisikia sana ni hii: "Hii tovuti ina leseni ya Curaçao, iko sawa." Leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibiani, ni ya Curaçao. Ukibeti ukiwa Kisumu, sheria inayokuhusu ni ya Kenya, hata kama seva iko mwezini. Uingereza nayo iliamua hivyo mwaka 2014: anayewauzia wakazi wake kamari sharti apate leseni kwao.

Hatua ya 1: Leseni
Shuka chini kabisa ya ukurasa, nakili jina la kampuni (si jina la tovuti), ulitafute kwenye orodha ya mdhibiti wa kamari wa Kenya. Rudia kila Julai. Mwaka 2019 hata majina makubwa yalinyimwa leseni na paybill zao (namba za kulipia kwa M-Pesa) zikafungwa.

Hatua ya 2: Makato
Tangu Julai 2025, aliye na leseni hapa hukata ushuru wa asilimia 5 unapoweka pesa, na asilimia 5 unapotoa. Weka 1,000, kwenye akaunti iingie 950. Toa 4,000, upokee 3,800. Usipoona makato popote, usishangilie. Tovuti za ng'ambo husema "hatutozi kodi" kama vile ni ofa.

Hatua ya 3: Stetimenti
Hapa ndipo jioni huishia. Pakua stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima, kwa *334# au kwa programu. Chukua PDF, picha za skrini sizitaki, hazina mfululizo na zinakatwa ovyo. Tovuti ya hapa ni rahisi, paybill ina jina lake. Ya ng'ambo hupitishia pesa kwa mawakala au kwa wauzaji wa sarafu za kidijitali, kwa hivyo utakachoona ni "umepokea 18,500" kutoka kwa mtu usiyemjua, na wiki ijayo mwingine kabisa. Kwa anayesoma kutoka nje, hayo yanafanana na malipo ya biashara. Kila mstari wa namna hiyo uandikie pembeni: tarehe, namba ya muamala wa tovuti, dau lililotangulia. Historia ya akaunti ipakue leo hii, maana tovuti ikifungwa inaondoka nayo. Pesa ulizoweka na kurudishiwa bila kubeti zitenge, zisihesabiwe kama ushindi. Na mkeka (tiketi ya dau) wa rafiki uliochezwa kwa laini yako? Andika jina lake hapo hapo, kesho hamtakumbuka. Hifadhi yote miaka 5.

Hatua ya 4: KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya)
Kodi ya asilimia 3 ya mapato yote, inayotozwa kampuni za kigeni zinazouza huduma mtandaoni, ni deni lao, si lako. Ushindi ambao haukukatwa chochote upeleke dawati la KRA pale Huduma Centre ukiwa na karatasi zako, na uombe jibu kwa maandishi. Usiniambie nikujazie sufuri kwenye ritani yako ya kodi, sijazi. Mwisho wa ritani ni tarehe 30 Juni, lakini njoo Mei, foleni ikiwa bado ndani ya mlango.