Jinsi ya kulinganisha mlio wa magitaa makavu

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya yetu alinijia na magitaa makavu matatu, yale yasiyotumia umeme. Mawili aliazimwa na wauzaji kwa kuweka amana, la tatu ni la mjomba wake, ambaye yuko tayari kumwachia kwa bei ya undugu. "Kaka, nishaamua," akaniambia. "Hili jipya ndilo lenye sauti. La mjomba limekufa." Nikamwomba anipe siku mbili. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Nyuzi

Funga nyuzi za aina moja kwenye magitaa yote. Mimi hutumia za fosfa bronzi (aina ya shaba), seti yenye unene wa inchi 0.012 kwa uzi mwembamba hadi 0.053 kwa mnene. Ni gharama, lakini bila hivyo unalinganisha nyuzi tu. Hapa Dar hewa ya bahari haina huruma: gitaa likining'inia ukutani miezi michache, nyuzi zinashika kutu na mlio unakuwa butu kama wa boksi la kadibodi. Nyuzi za gitaa la mjomba zilikuwa nyeusi tii. Wako wanaosema wanaweza kusikiliza nyuzi chakavu na kukisia zingeliaje zikiwa mpya. Siwaamini.

Ukishafunga, piga nusu saa ili zivutike na zitulie.

Onyo moja: gitaa la nyuzi za nailoni usilifunge nyuzi za chuma hata kwa majaribio. Mvuto wake ni mkubwa mno, unaweza kung'oa daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni mwa gitaa. La nailoni lilinganishe na la nailoni mwenzake.

Hatua ya 2: Tyuni

Yote kwa tyuna ya kubana kichwa cha gitaa, noti ya A iwe hezi 440.

Hatua ya 3: Chumba na mkono

Chagua chumba chenye mkeka, mapazia na kitanda. Sebule ya vigae inarembesha kila kitu. Mpigaji awe mmoja, piki moja, kiti kimoja, na miguu ya kiti uiwekee alama ya seloteipu sakafuni. Piga vitu vitatu tu: kila uzi mtupu mpaka ufe wenyewe, chodi ya G kwa rizimu ya taratibu, na kipande cha solo cha vidole unachokijua hata usingizini.

Hatua ya 4: Rekodi

Kurekodi ni lazima, kwa sababu sauti ya gitaa inakwenda mbele na wewe mpigaji umekaa nyuma yake. Unachokisikia wewe sicho wanachokisikia waumini.

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima. Nilirekodi kwa simu, nikasikiliza, na magitaa yote matatu yakalia karibu sawa. Nikahamisha simu, nikarudia, yakawa sawa tena. Jioni nilikaribia kumwambia kijana achukue la bei nafuu yaishe. Kumbe simu ilikuwa inajirekebishia sauti yenyewe. Imetengenezewa mazungumzo: sauti ndogo inaipandisha, kubwa inaishusha, na noti inayofifia polepole inaweza kuidhania ni kelele ikaikata. Basi kile hasa nilichokuwa nakitafuta, uzi unadumu kwa muda gani, kilikuwa kimeshafutwa.

Kwa hiyo ipime simu yako kwanza. Piga uzi mmoja kwa upole, kisha kwa nguvu, bila kusogeza kitu. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya bure, utazame mawimbi. Yakikaribia kulingana kimo, simu inakuingilia. Tafuta programu ya kurekodi inayoruhusu kuzima marekebisho hayo. Ukikosa, azima rekoda ndogo ya kidijitali na uizime swichi yake ya kujirekebisha. Mimi simu nimeacha kabisa kwa kazi hii.

Maiki ikae sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye gitaa, ikitazama freti ya 12 (kile chuma cha 12 shingoni, ukihesabu kutoka kichwani). Usiielekeze kwenye tundu, maana hapo besi inavimba na kila gitaa linajifanya kubwa. Pima umbali uleule kwa futi kamba kila unapobadili gitaa. Sentimita kumi tu zinatosha kuharibu kila kitu. Hifadhi katika WAV, faili la sauti lisilobanwa, na ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili lisibanwe.

Bado hujamaliza. Sikio lina udhaifu: rekodi mbili zikipishana desibeli moja au mbili, ile ya juu linaiona ndiyo tamu. Chagua rekodi zote, tumia Loudness Normalization ya Audacity, uziweke zote LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Usichanganye na ile iitwayo Normalize, ambayo inasawazisha vilele tu. Kwa hiyo Normalize, gitaa lenye kishindo kikali mwanzoni mwa noti litaishia kusikika dogo kuliko lilivyo. Nakala za awali zitunze, kwani kama utapiga bila spika, nguvu ya gitaa nayo ni sifa ya kuangalia.

Hatua ya 5: Sikiliza bila kujua

Mpe mtu mwingine azipe rekodi namba, 1 hadi 3, na aongeze namba 4 ambayo ni marudio ya mojawapo. Ukiipa namba 4 alama zilizo mbali na za pacha wake, masikio yamechoka. Lala, rudia kesho.

Usiulize mbao kabla ya kusikiliza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio lao: magitaa sita yaliyotofautiana mbao za mgongo na ubavu tu, yakapigwa na wapiga gitaa 52 waliovalishwa miwani ya kuchomelea wasiyaone. Tofauti ya mlio waliyoisikia ilikuwa ndogo sana. Kwa hiyo hata ukiambiwa mgongo ni wa mpingo wetu, sikiliza kwanza. Mimi naangalia zaidi ubao wa mbele: wa mwerezi unaitika vidole vya upole, wa sprusi unavumilia rizimu nzito.

Kijana aliipa namba 2 alama za juu kabisa, na namba 4 hivyo hivyo. Zote mbili zilikuwa za gitaa la mjomba.