Boti ya mashine Lamu: shika mkono, usishike spidi

Mashine ya boti inayoendeshwa kwa mkono, ziwe zile za nguvu za farasi 15, 25 au 40, nyingi zina skrubu ndogo karibu na mshikio wa gesi. Kazi yake ni kuutia mshikio ugumu ubaki pale ulipowekwa. Isipokazwa, gesi hupanda na kushuka kila wimbi likipiga. Upinzani wa maji huongezeka upesi kuliko kasi yenyewe, kwa hivyo petroli iliyopotea ulipokwenda mbio hairudi ukipunguza.

Kaza skrubu kidogo kidogo, mpaka mshikio usirudi wenyewe lakini ugeuke bila kukuru kakara. Ukizidisha, utashindwa kupunguza upesi mashua ikikukata mbele. Kufunga mshikio kwa kamba au mpira wa tairi ni hatari: nahodha akianguka majini, boti inaendelea na safari. Kamba ya kuzimia mashine ikae kwenye kifundo cha mkono muda wote.

Sasa tafuta alama yako. Chagua asubuhi ya maji mafu (siku ambazo kujaa na kupwa ni kudogo), bahari imetulia, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Fungua gesi taratibu. Omo (mbele ya boti) ikiinuka na mkia wa povu ukawa mkubwa nyuma, hapo ndipo petroli inateketea bure. Boti nzito irudishe chini mpaka omo ilale. Nyepesi ivushe mpaka ilale juu ya maji, kisha punguza, usiruhusu omo ianze kuinuka tena. Chora mstari wa rangi ya kucha kwenye mshikio na mwingine mkabala wake kwenye mkono wa mashine.

Jaza tangi hadi alama, endesha dakika 15 kwenda na 15 kurudi njia ile ile, zima mashine, ujazie kwa jagi la vipimo hadi alama ile ile. Kilomita zilizopimwa na simu gawanya kwa lita. Rudia ukiwa umepunguza gesi kidogo, ulinganishe.

Kosa kubwa ni kuifuata spidi ya simu. Simu hupima mwendo juu ya ardhi. Boti ya kilomita 12 kwa saa ikikutana na mkondo wa 3 itaonyesha 9, na nahodha huongeza gesi. Acha mshikio kwenye mstari. Safari ya kilomita 36 itachukua saa 4 badala ya 3, yaani theluthi zaidi ya petroli, basi ni bora kuondoka wakati mkondo unaelekea uendako. Mkanda wenyewe, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, unataka maji yaliyojaa.

Abiria wote wakikaa tezi (nyuma ya boti), omo huinuka hata gesi ikiwa ndogo. Sogeza madumu mbele moja moja. Ukizidisha, omo itachimba na boti itayumba.

Mlio ukipanda na mwendo usipande, zima mashine, inua, uangalie propela: mara nyingi ni mwani au mshipi. Chini ya boti pakwanguliwe mara kwa mara. Oili usikisie: kwa mashine inayochanganyiwa petroli na oili 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili.