Namna ya Kumwachisha Mtoto Kidole Kabla Meno Hayajapinda

Wazazi wanaoleta watoto kwetu hapa Arusha huuliza kwanza kuhusu rangi ya meno, kwa kuwa maji ya sehemu kama Maji ya Chai yana floridi nyingi inayoyatia ukahawia. Floridi haipindishi meno. Kidole kinachonyonywa kwa muda mrefu ndicho hupindisha, na hilo mzazi anaweza kulikagua mwenyewe.

Hatua ya kwanza, mkalishe mtoto karibu na dirisha, mwambie aumanishe magego, kisha inua mdomo wake wa juu taratibu. Iwapo meno ya mbele hayakutani na ncha ya ulimi inachungulia kwenye uwazi huo, dalili ipo. Tazama na kidole chenyewe: huwa cheupe kuliko vingine, ngozi imekunjamana, na pengine kina sugu mgongoni.

Hatua ya pili, angalia muda anaonyonya, mchana na usiku. Jino husogezwa na muda zaidi kuliko nguvu. Ndiyo maana anayenyonya dakika chache akisinzia hayumo katika hatari sawa na anayelala usiku kucha kidole kikiwa kinywani. Kidole husukuma meno ya juu mbele na ya chini ndani, huku ulimi ukishuka na mashavu yakibana taya la juu hadi likawa jembamba. Chuchu bandia hudhuru vivyo hivyo, ila kuiondoa ni rahisi zaidi.

Hatua ya tatu, zingatia umri. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4, hivyo aliye chini ya miaka 3 asiandamwe. Akiacha kabla meno ya kudumu ya mbele hayajaota, yaani karibu na miaka 6, uwazi huo mara nyingi hujifunga. Taya lililobanwa ni vigumu zaidi kujirekebisha.

Hatua ya nne ni kuachisha. Bibi akishauri pilipili, mkatalie kwa heshima, kwani mtoto atajifikicha macho. Anza na mchana: mpe kitu cha kushika, msifu anapojizuia, wala usimwaibishe mbele za watu. Usiku mvalishe soksi mkononi, akiridhia. Chuchu bandia usiichovye kwenye sukari wala asali. Zote huozesha meno, na asali ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka 1.

Akipita miaka 4 bado ananyonya, mpeleke kliniki ya kinywa na meno, na umwombe daktari apime upana wa taya la juu, siyo meno ya mbele peke yake.