Unga wa protini ya wei: piga hesabu kabla ya kufungua kopo

Anza na kalamu. Mwanariadha anayejenga misuli anahitaji protini gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na 1.6 ni pazuri pa kuanzia. Mwenye kilo 70 atahitaji gramu 112. Andika unachokula kwa siku tatu, jumlisha protini, tafuta wastani. Chakula kikikupa gramu 85, pengo ni gramu 27, na kuziba pengo hilo ndiyo kazi yote ya unga. Kama sahani inatosheleza, usinunue.

Wei ni majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Huchujwa, kisha hukaushwa. Sifa yake ni kumeng'enywa haraka na kuwa na lusini nyingi, asidi amino inayoamsha misuli ianze kujijenga. Aina ya unga iitwayo konsentreti, ikiwa bora, ina protini karibu asilimia 80 na laktosi (sukari ya maziwa) kiasi. Isoleti, aina iliyochujwa zaidi, hufika asilimia 90 na laktosi yake ni kidogo sana. Tumbo likiyapokea maziwa vizuri, konsentreti inatosha.

Dukani, geuza kopo usome lebo. Gawa gramu za protini kwa gramu za dozi: 24 kwa 30 ni asilimia 80, safi. Ukikuta 24 kwa 46, karibu nusu ya unga ni kitu kingine, mara nyingi sukari. Chunguza pia viambato: glisini au taurini (asidi amino zenye naitrojeni) zikiongezwa, kipimo cha maabara kinachohesabu naitrojeni huonyesha protini nyingi kuliko iliyomo.

Usikiamini kijiko cha ndani ya kopo. Unga hushindiliwa safarini, hivyo kijiko cha juu na cha chini havilingani uzito. Weka kikombe kwenye mizani ya jikoni, irudishe sifuri, mimina hadi gramu zilizoandikwa kwenye lebo, kisha tazama unga umefika wapi kwenye kijiko.

Katika kuchanganya, maji hutangulia. Weka mililita 250 za maji baridi kwenye chupa, ndipo umimine unga, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 30. Unga ukitangulia, hunata kwenye pembe za chini: nje ya bonge hulowa na kuwa utando, ndani hubaki mkavu. Acha chupa dakika moja au mbili povu lishuke. Kumeza povu ni kumeza hewa. Maji ya moto sana hugandisha protini ikawa chembechembe. Haiharibiki kilishe, ila kuinywa ni kazi. Ukitaka kuitia kwenye kahawa, ikoroge kwanza na maji baridi kidogo hadi iwe laini, kisha mimina kahawa iliyopoa kiasi.

Hakuna haja ya kukimbilia chupa mara tu unapoweka chuma chini. Jumla ya siku ndiyo yenye uzito zaidi. Gawanya protini katika milo mitatu au minne ya gramu 20 hadi 40, na unga uingie kwenye mlo ulio dhaifu, ambao kwa wengi ni kifungua kinywa.

Tumbo likijaa gesi, mshukiwa wa kwanza ni laktosi: punguza dozi nusu au hamia isoleti. Hali ikiendelea, kagua vitamu na vizitishi kwenye lebo. Unga ukiganda koponi, unyevu umeingia, mara nyingi kwa kijiko chenye maji. Ukinuka, tupa. Suuza chupa papo hapo, hasa mizunguko ya kifuniko, maana mabaki huoza ndani ya saa chache.

Mwenye mzio wa protini ya maziwa asiiguse kabisa, hata isoleti. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Na kama unashindana, kumbuka kwamba kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, unawajibika kwa dawa yoyote iliyokatazwa itakayokutwa mwilini mwako, hata kama iliingia kwenye unga kiwandani. Tafuta nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, mipango inayopima bidhaa kutafuta dawa hizo, hakiki bidhaa na namba ya toleo kwenye tovuti yao, na uipige picha namba hiyo kabla ya kutupa kopo.