Kumwogesha mtoto wa mbwa na kumaliza viroboto: hatua ninazozifuata

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea hapa Ujiji mtoto wa mbwa wa wiki saba, amemviringisha kwenye kanga kuukuu, naye ananuka vichwa vya dagaa kwa sababu alizaliwa karibu na mwalo wa Kibirizi. Alitaka nimwelekeze namna ya kumwogesha tu, kisha aende zake. Kazi niliyoikadiria kuwa ya saa moja ilituchukua wiki tatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo tulikuwa tukihangaika na sakafu kuliko mbwa mwenyewe.

Hatua ya kwanza: umri

Mtoto wa mbwa ambaye hajafikisha wiki nne haogeshwi, kwa kuwa mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto na mama yake humlamba vya kutosha. Akichafuka, mfute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kisha umkaushe hapo hapo. Kumwogesha mwili mzima ni vyema kusubiri wiki ya nane. Huyu wa mpwa wangu tulimwogesha mapema kidogo kwa sababu viroboto walikuwa wengi mno, na mtoto wa umri huo anaweza kunyonywa damu hadi akapungukiwa. Mfunue mdomo kwanza uangalie fizi: zikiwa za waridi, endelea, zikiwa zimepauka, acha habari ya kuoga na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: vifaa

Utahitaji beseni mbili, kikombe, taulo mbili, kibano na kitana cha chuma. Nasisitiza chuma, kwani meno ya kitana cha plastiki hupinda na kumwacha kiroboto apite katikati. Sabuni iwe shampuu ya mbwa, na ikikosekana, ya mtoto mchanga isiyo na manukato makali. Sabuni yetu ya mawese naipenda sana kwa nguo, lakini ngozi ya mtoto wa mbwa ni nyembamba, na magadi yanayobaki katika sabuni hiyo huikausha hadi ikatoka magamba. Vifaa hivi visichanganywe na vya nyumbani. Kwa majirani zangu wengi suala hili ni la dini pia, na beseni lenye alama ya rangi huepusha maneno.

Hatua ya tatu: kuoga

Mwogeshe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mahali pasipo na upepo. Maji yawe ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Wapo wanaompeleka ziwani, nami siungi mkono jambo hilo: maji ya Tanganyika hukaribia nyuzi 26 wakati mwili wa mbwa una nyuzi 38 na zaidi, na mtoto mdogo huanza kutetemeka kabla hujamaliza kumpaka sabuni. Uso ufutwe kwa kitambaa, masikio yasiingie maji, na umsuuze hadi maji yanayotiririka yawe hayana povu.

Hatua ya nne: viroboto

Kazi hii hufanywa ndani ya kuoga kule kule, kabla ya kumsuuza. Kabla ya kumlowesha mwili, mpake povu zito shingoni kama mkufu. Viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani, na wakishafika kwenye masikio na macho huwezi kuwafuata kwa sabuni. Povu la shingoni huwazuia njiani. Paka mwili mzima, subiri dakika tano, kisha chana povu likiwa bado juu ya manyoya, kuanzia shingoni kwenda mkiani, na kila baada ya mchano uchovye kitana kwenye beseni la pili lenye maji ya sabuni. Ukiona chembe nyeusi kama majani ya chai yaliyosagwa, zidondoshe kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitanda rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu ya mbwa wako.

Mimi nilidhani kazi huishia hapo. Mbwa wangu wa kwanza nilimchana mara nne katika wiki mbili, na kila mara viroboto walirudi. Nikailaumu sabuni, nikabadilisha sabuni tatu, hadi ngozi ikaanza kubabuka. Safari hii, siku ya tano na huyu mtoto wa mbwa, mpwa wangu naye aliniambia, "Mjomba, hawa wanaota kama majani," na hakuwa mbali na ukweli. Kiroboto jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayashiki manyoya; huanguka pale mbwa anapolala. Mabuu hujificha kwenye nyufa kukwepa mwanga, hula kile kinyesi cheusi, kisha hujifunga ndani ya kifuko kinachonata vumbi, ambacho dawa hupata shida kukipenya, na humo kiroboto anaweza kungoja kwa miezi hadi ahisi joto au mtikisiko wa mnyama anayepita.

Kwa hiyo tulimpa mbwa sehemu moja tu ya kulalia. Gunia lake tulilichemsha kila wiki na kulianika juani, sakafu tukaifagia kila siku hadi pembeni kabisa, taka zake zikachomwa, na nyufa za saruji tukazimiminia maji yanayochemka, mbwa akiwa nje. Katika joto letu mzunguko wa yai hadi kiroboto mzima huweza kukamilika kwa takribani wiki tatu, na ndiyo maana usiache katika wiki ya pili kwa kuona mbwa ametulia.

Kuhusu dawa, niseme mambo mawili. Dawa ya josho ya ng'ombe isimguse mtoto wa mbwa hata ikizimuliwa mara kumi, hasa yenye amitrazi, kemikali ya kuua kupe ambayo humlegeza na kupunguza mapigo ya moyo. Dawa za mbwa zenyewe nyingi huwekewa umri wa chini na hutolewa kwa uzito, hivyo mpime. Sisi tulimtia kwenye mfuko na kumning'iniza kwenye mizani ya muuza muhogo, akawa kilo mbili na robo. Mafuta ya mawese ambayo wazee humpaka ili kuwaziba viroboto pumzi hukusanya vumbi jekundu, na mbwa akiyalamba huharisha.

Hatua ya tano: kupe na funza

Kupe mtafute ndani ya masikio na katikati ya vidole. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumzungusha, umtumbukize kwenye spiriti. Mafuta ya taa na moto wa sigara humuunguza mbwa kabla ya kupe. Funza hukaa kwenye nyayo: doa jeupe lenye kitone cheusi katikati. Mtoe kwa pini iliyochemshwa, kisha osha kidonda kwa maji na sabuni.

Hatua ya sita: masikio na kucha

Futa sehemu ya sikio unayoiona, kwa pamba yenye unyevu, na usisukume kijiti ndani. Kucha zikatwe ncha tu, nje ya ile sehemu ya waridi yenye mshipa. Ukiukata kwa bahati mbaya, bonyeza unga wa muhogo mkavu juu yake kwa dakika chache na damu itakata.