Somo: Kuwafundisha Vijana Pasaka ya Kiyahudi kwa Kuanza na Swali Lao

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya walimu na wazazi wanaolea vijana wa Kiyahudi hapa Afrika Mashariki, hasa wenye umri wa miaka 10 hadi 16. Nimechagua sikukuu moja tu, Pasaka, kwa sababu ndiyo sikukuu ambayo mpango wake wote, tangu kikombe cha kwanza cha divai hadi nyimbo za mwisho, ulitungwa ili mtoto aulize. Huanza jioni ya kuamkia tarehe 15 ya mwezi wa Nisani katika kalenda ya Kiyahudi, na usiku huo jamaa huketi katika karamu iitwayo Sederi wakisoma kitabu cha Hagada, ambacho husimulia jinsi Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Kwa kuwa Kiswahili hutumia neno hilohilo la Pasaka kwa sikukuu ya Wakristo ya kufufuka kwa Yesu, ni vyema kijana aelezwe tofauti hiyo mapema, kwa upole, maana wenzake shuleni watamuuliza.

Kwa miaka kadhaa mimi nilifundisha kinyume na mpango huo. Niliandika ubaoni majina ya vyakula na maana zake, vijana wakanakili kwa hati nzuri, na usiku wa Sederi ulipofika hakuna aliyeuliza lolote, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwajibu wote kabla hawajashangaa. Hatua zinazofuata zimetokana na kulirekebisha kosa hilo.

Hatua ya 1: Tayarisha ya kushangaza, na maana yake uinyamazie

Talmudi, mkusanyiko wa mijadala na simulizi za marabi wa kale, inasimulia kwamba Rabi Akiva alikuwa akiwagawia watoto bisi na njugu siku ya kuamkia Pasaka, ili wasisinzie na ili waulize. Fanya vivyo hivyo darasani. Weka mezani bakuli la maji ya chumvi, chovya ndani yake jani la kitimiri au kipande cha kiazi, kila mmoja ale, kisha nyamaza. Vunja matza, yaani mkate usiotiwa chachu, ile ya katikati kati ya tatu zilizo mezani, uifiche nusu iliyo kubwa, ambayo huitwa afikomani na ambayo watoto huitafuta baadaye, na usieleze kwa nini unaificha. Ukimya huo ni mgumu kwa mwalimu, lakini usiuvunje.

Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za mapokeo, katika sura ya 10 ya Pesahimu, sehemu yake inayohusu Pasaka, inaagiza kwamba kikombe cha pili kikishamiminwa mtoto amuulize baba yake, na mtoto asipokuwa na ufahamu wa kuuliza, baba amfundishe. Talmudi inaongeza kwamba mtu aliye peke yake ajiulize mwenyewe, na hata wanazuoni wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka waulizane. Wasomee vijana jambo hili, maana wengi wanadhani kuuliza ni dalili ya kutojua, na baadhi yao wamewahi kuchapwa kwa sababu ya maswali.

Hatua ya 2: Wape unga na saa

Siku kadhaa kabla ya sikukuu, kabla nyumba haijasafishwa chachu, wape vijana unga wa ngano na maji tu, bila mafuta wala chumvi, kisha uwape saa. Tangu maji yanapogusa unga hadi mkate unapoiva zisipite dakika 18, kwani kwa mujibu wa sheria unga ulioachwa bila kushughulikiwa kwa muda huo huhesabiwa kuwa umeanza kuchachuka. Patakuwa na kelele, jasho na mikate iliyoungua pembeni, na hapo ndipo wanapoielewa haraka ya watu waliotoka na unga mabegani. Mmoja wao hatakosa kusema kwamba hii ni chapati kavu. Usimkatize, bali mwache aeleze tofauti anazoziona, kwa kuwa analinganisha na mkate anaopikiwa na mama yake kila wiki, na hakuna kipimo bora zaidi ya hicho. Mikate hii ni ya somo tu. Matza ya Sederi yenyewe itayarishwe chini ya usimamizi wa anayezijua sheria zake.

Kuhusu mboga chungu, mchunga unafaa kuonjwa darasani, kwa kuwa uchungu wake hukaa ulimini. Kwa Sederi yenyewe wengi hutumia saladi ya majani au mzizi mkali wa hosiradishi. Haroseti, mchanganyiko unaokumbusha udongo wa matofali, unaweza kupikwa kwa tende na njugu, kama wafanyavyo Wayahudi wenye asili ya Iraki.

Hatua ya 3: Wana wanne, na hasa yule wa pili

Hagada inataja wana wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Wagawe vijana makundi manne, kila kundi liandike swali la mwana wake kwa maneno ya leo. Utagundua haraka kwamba kundi la mwana mwovu ndilo lenye mengi ya kusema.

Mwana huyo anauliza, "Ibada hii ina maana gani kwenu?" Kosa lake, kwa mujibu wa Hagada, limo katika neno "kwenu", kwa maana amejitoa katika jamaa, na jibu analopewa ni kali. Mwaka mmoja kijana aliniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, sikukuu yenu ina masharti mengi." Nilimkaripia kwa kufuata jibu lile la kitabu, naye hakurudi darasani kwa miezi miwili. Nilipoisoma Hagada tena niliona jambo nililolipita kila mwaka, kwamba mwana mwovu yuko mezani. Amekuja, ameketi, amemiminiwa kikombe kama nduguze, na swali lake limeandikwa kitabuni ili lisomwe kila mwaka. Siku hizi kijana akisema "yenu" namuuliza ni sharti lipi linalomwelemea, nasi hulisoma pamoja.

Utambulisho wa Kiyahudi, kwa jinsi ninavyouona, haupandwi kwa kumwambia kijana kila siku kwamba yeye ni Myahudi. Hukua pale anapopata nafasi ya kutoka kwenye "ninyi" hadi kwenye "sisi" kwa miguu yake mwenyewe, na Hagada inamfungulia njia hiyo inaposema kwamba katika kila kizazi mtu anapaswa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri.

Hatua ya 4: Simulia Misri ya karibu

Kwa hatua hii tunayo hazina hapa kwetu. Wayahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale mashariki mwa Uganda, walianza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari na mtawala. Katika miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, wengi wakaiacha dini, na waliobaki wakasali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 mikononi mwa jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo Pasaka ilipoingia. Waambie vijana tarehe hizo, kisha waache wauone wenyewe ulingano wake. Aliye na babu au mjomba aliyepigana katika vita vile aende akamsikilize, alete simulizi darasani.

Hatua ya 5: Wito wa mwenye njaa ujibiwe kabla ya karamu

Mwanzoni mwa simulizi mwenye nyumba huinua matza na kusema kwa Kiaramu kwamba kila mwenye njaa na aje ale. Maneno haya husomwa mlango ukiwa umefungwa na viti vyote vimejaa, kwa hiyo vijana wenye akili huuliza nani ameyasikia. Jibu la jadi ni desturi ya fedha za ngano, yaani mchango unaokusanywa kabla ya Pasaka ili kila nyumba iwe na mahitaji yake. Mishna inataka hata aliye maskini kuliko wote asipate chini ya vikombe vinne, ijapokuwa vinatoka katika chakula cha sadaka.

Anza wiki tatu kabla. Vijana wenyewe waulizie ni nani atakosa, wapige hesabu ya unga, mayai na mboga, wakusanye, wapeleke usiku bila kutaja majina. Kisha wasome Kutoka 23:9, inayokataza kumwonea mgeni kwa sababu ninyi mlikuwa wageni Misri, na uwaulize ni nani mgeni katika mtaa wao. Darasani kwetu jibu la mwaka uliopita lilikuwa familia ya wakimbizi kutoka Kongo inayouza vitenge karibu na kituo cha basi, nao wakapelekewa kikapu ingawa si Wayahudi.

Maswali ya wanachama

Mama wa vijana wawili: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 16 na anaona kutafuta afikomani ni utoto. Nifanyeje?

Marahaba, mama. Mpe kazi ya kuificha, na umwombe aandae swali moja gumu ambalo watu wazima watalazimika kulijibu kabla ya kula. Kijana wa umri huo anachoka kuwa mtoto mezani, lakini hachoki kuwatahini wakubwa.

Mwanachama kutoka Kenya: Je, ugali wa mahindi unaruhusiwa wakati wa Pasaka?

Inategemea mapokeo yenu. Chachu iliyokatazwa hutokana na nafaka tano, zikiwemo ngano na shayiri, na mahindi hayamo. Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, waliyazuia mahindi, mchele na maharage kwa tahadhari, hali Wasefaradi wengi, wale wenye asili ya Hispania na Ureno, hula baadhi yake au yote. Kamati ya sheria ya vuguvugu la Konsavativu, mojawapo ya matawi ya dini ya Kiyahudi, nchini Marekani iliyaruhusu mwaka 2015. Mfuate rabi wenu, na unga uwe safi, usiochanganyika na wa ngano.

Mwalimu wa shule ya Jumapili: Mimi ni Mkristo. Naweza kuwafanyia watoto wangu Sederi kanisani?

Asante kwa kuuliza kabla ya kufanya, ndugu yangu. Wafundishe habari za Kutoka na uwaeleze jinsi Wayahudi wanavyoishika Pasaka leo. Sederi yenyewe ni ibada ya watu walio hai, kwa hiyo ningependa watoto wako waione ikifanywa na wenyewe. Palipo na jamii ya Kiyahudi karibu nanyi, iandikie mapema uombe kualikwa, hata kama ni wawili watatu tu watakaopata nafasi.

Kijana, miaka 14: Mwalimu, mama yangu hana fedha na sisi ndio tunaopelekewa kikapu. Nichange nini?

Mwanangu, changa unachoweza kubeba. Mwaka huu wewe ndiye utakayeshika daftari la hesabu, kwa kuwa unajua nyumba inahitaji mayai mangapi kwa siku nane, na wenzako hawajui.